Utungaji wa Muziki na Michezo kwa Lugha za Kompyuta: Jinsi Unavyofunzwa, na Istilahi Zake katika Kiswahili

Neno kompyuta humkumbusha mtu wa kawaida hesabu za benki, barua za ofisi na orodha za mishahara. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 60 chombo hicho kimetumika pia kutunga muziki, na baadaye kuchora picha zitembeazo, kubuni michezo, na hata kutumbuiza watu jukwaani, mtunzi akiandika amri zake mbele ya macho ya wasikilizaji. Ufundi huu una lugha zake, na lugha hizo zina msamiati, sarufi na makosa yake. Kwa sababu hiyo si jambo la wahandisi peke yao. Wataalamu wa lugha nao wana la kusema juu yake, hasa wakati huu ambapo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki hujifunza ufundi huu kwa maneno ya Kiingereza wasiyoyaelewa barabara, wakayanakili kama mtu anakilivyo hirizi.

Makusudi ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kueleza jinsi ufundi wenyewe ufanyavyo kazi na jinsi mwanafunzi aingiavyo ndani yake. La pili ni kuonyesha kwamba sanaa za Waswahili na za jirani zao, yaani ngoma, bao na ushairi, zimekwisha kuwa na fikira nyingi ambazo mwanafunzi huyo huambiwa kuwa ni ngeni. Na kwamba pale fikira zinapofanana lakini hazilingani sawasawa, ndipo mfasiri wa istilahi apaswapo kuwa mwangalifu zaidi.

I. Asili ya ufundi huu

Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara ya Bell katika jimbo la New Jersey, Marekani, aliandika programu aliyoiita MUSIC. Kwa programu hiyo mashine ya IBM 704 ilitoa kipande cha muziki cha sekunde 17 kilichotungwa na Newman Guttman. Katika siku hizo mtunzi hakuweza kusikia kazi yake wakati akiiandika. Aliandaa amri zote kwanza, akaipa mashine, akangoja ikokotoe, ndipo sauti ikapatikana. Mtunzi alikuwa kama mtu aandikaye barua ya mbali, asiyejua kama maneno yake yamefika hata jibu lirudi.

Hatua ya pili ilihusu mafunzo. Mwaka 1967 Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, pamoja na Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, walibuni lugha iitwayo Logo huko Massachusetts. Lugha hiyo ilikusudiwa watoto. Katika Logo mtoto huamuru kobe atembee hatua kadhaa, ageuke, atembee tena, na nyayo zake huchora umbo. Fikira ya Papert, aliyoieleza katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, ilikuwa kwamba mtoto huelewa jambo vizuri anapolazimika kuifundisha mashine jambo hilo, na kwamba kosa si aibu, bali ni kitu cha kuchunguzwa ili kijulikane kimetoka wapi.

Kutoka katika mikondo hiyo miwili zimezaliwa lugha nyingi. Mwaka 1996 James McCartney alitoa SuperCollider, lugha ya kuunda sauti. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing kwa ajili ya wachoraji. Na mwaka 2012 Sam Aaron, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitunga Sonic Pi, chombo cha kufunzia shuleni muziki na uandishi wa programu kwa pamoja. Sonic Pi hupatikana bila malipo, nayo hutumia SuperCollider kama injini yake ya sauti. Ndiyo itakayotumiwa hapa kwa mifano ya mwanzo, kwa kuwa amri zake ni fupi na matokeo yake husikika papo hapo.

II. Amri na wakati

Mwanafunzi wa Sonic Pi huanza kwa amri moja: "play 60". Namba 60 ni jina la sauti ya do ya katikati ya piano. 61 ni sauti inayofuata kwa nusu hatua, na 72 ni do ya juu yake. Mwanafunzi akiandika mistari mitatu, "play 60", "play 64" na "play 67", hutarajia kusikia sauti tatu zikifuatana. Badala yake husikia zote tatu kwa mara moja. Aghalabu hapo ndipo somo la kwanza lenye uzito huanza.

Sababu yake ni kwamba katika lugha hii kufuatana kwa mistari katika ukurasa si kufuatana kwa wakati. Mashine husoma mstari mmoja baada ya mwingine, lakini huusoma kwa wepesi mno hata sikio lisitambue tofauti. Ili sauti zifuatane, lazima mtunzi aseme waziwazi kwamba mashine ingoje. Amri ya kungoja ni "sleep", na "sleep 1" maana yake ni kungoja pigo moja; asipobadilisha mwendo, pigo moja ni sekunde moja. Kwa hiyo kimya katika muziki wa namna hii si upungufu wa sauti, bali ni neno kamili, nalo huandikwa kwa namba yake.

Hatua ifuatayo ni mzunguko, uandikwao "live_loop". Mzunguko ni fungu la amri lirudiwalo bila kikomo hata mtunzi aufute au aisimamishe mashine. Tabia yake kuu ni kwamba mtunzi anaweza kubadilisha maneno yaliyomo wakati unapiga. Akiisha kubadilisha na kuamuru upya, mzunguko haukatiki. Humaliza mzingo wake, kisha hushika maneno mapya katika mzingo unaofuata. Mzunguko usiokuwa na kungoja ndani yake hukataliwa na mashine, kwa maana ungejirudia mara zisizo na idadi katika kitambo kisichokuwa na urefu.

Yafaa kutaja pia amri za nasibu, ambazo huchagua sauti au muda kama kwa kurusha kete. Katika Sonic Pi nasibu hiyo si nasibu halisi. Mtu akiendesha programu ile ile mara mbili, atapata "bahati" ile ile mara mbili, kwa sababu namba zote hutolewa katika mfululizo mmoja uliopangwa tangu mwanzo. Faida yake ni kwamba mtunzi aliyependa wimbo uliojitokeza kwa nasibu aweza kumpa mwenzake maandishi yake, na mwenzake akausikia wimbo huo huo.

III. Kujumlisha wakati na kuugawanya wakati

Katika Sonic Pi wakati hujumlishwa. Mtunzi huweka pigo, hungoja, huweka pigo jingine, hungoja tena. Na urefu wa mzingo ni jumla ya kungoja kote. Akiongeza pigo moja na kungoja kwake, mzingo hurefuka.

Iko njia nyingine. Alex McLean, Mwingereza, alitunga lugha iitwayo Tidal, ambayo siku hizi huitwa TidalCycles. Katika lugha hiyo mzingo una urefu wake uliokwisha kuwekwa, na chochote kiandikwacho hugawanya urefu huo. Vikiandikwa vipigo viwili, kila kimoja huchukua nusu ya mzingo. Kikiongezwa cha tatu, kila kimoja huchukua theluthi. Mzingo haurefuki kamwe. Vilivyomo ndivyo hubanana.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mshairi wa utenzi hujumlisha: mizani 8 hufanya kipande, na vipande 4 hufanya ubeti. Neno likizidi mizani moja, kipande kimeharibika. Lakini sogora wa ngoma mara nyingi hugawanya: mwendo wa ngoma kuu umekwisha kushikwa, na yeye huingiza mapigo mawili, matatu au manne katika nafasi ile ile bila kuuchelewesha mwendo. Mwalimu awezaye kuonyesha tofauti hiyo kwa ushairi na kwa ngoma atakuwa ameeleza katika dakika chache jambo ambalo vitabu vya ufundi hulieleza kwa kurasa nyingi.

Katika Tidal pia kuna njia fupi ya kuandika midundo kwa namba mbili tu, kama (3,8), maana yake mapigo 3 katika nafasi 8, yakitawanywa kwa usawa kadiri iwezekanavyo. Kwa kuwa 8 haigawanyiki kwa 3, hutumika utaratibu ufuatao. Yawekwe mapigo matatu na vimya vitano. Kila pigo lipewe kimya kimoja. Vitabaki vimya viwili. Vimya hivyo wapewe mafungu mawili ya kwanza. Hapo hapana cha kugawanya tena, na mdundo, kwa kuandika pigo kama X na kimya kama nukta, ni X..X..X. Kwa njia hiyo hiyo mapigo 5 katika nafasi 8 hutoa X.XX.XX., na mapigo 7 katika nafasi 12 hutoa X.XX.X.XX.X., mdundo ujulikanao sana katika kengele za ngoma za Afrika ya Magharibi.

Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mwanahesabu wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alionyesha kwamba utaratibu huu ni ndugu wa ule ulioandikwa na Euclid, Mgiriki wa kale, kwa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili. Na kwamba midundo mingi ya jadi ulimwenguni hupatikana kwa njia hiyo. Utaratibu wenyewe Toussaint aliupata katika kazi ya E. Bjorklund, ambaye hakushughulika na muziki hata kidogo, bali na kupanga mapigo ya wakati katika mtambo wa kupigia chembe za nyutroni. Basi wapiga kengele walifika kwa sikio mahali ambapo wahandisi walifika kwa hesabu. Hata hivyo yafaa kuonya kwamba namba hizo husema pigo liko wapi tu. Hazisemi mkono gani upige, wala katikati ya ngozi au ukingoni.

IV. Mfano wa amadinda

Katika Buganda iko marimba kubwa iitwayo amadinda, yenye pao 12. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, hupiga wimbo wake kwa mapigo yaliyo sawa. Wa pili, omwawuzi, huketi kumkabili, akapiga wimbo mwingine, pia kwa mapigo yaliyo sawa, lakini kila pigo lake huangukia katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenziwe. Wa tatu, omukoonezi, hupiga pao mbili za juu tu, akirudia huko sauti fulani zilizokwisha kutolewa na wenziwe katika pao za chini. Gerhard Kubik wa Austria, aliyefunzwa muziki huo na Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa Buganda, aliandika mwaka 1960 kwamba msikilizaji husikia nyimbo ambazo hapana hata mmoja wa wapigaji azipigaye. Huzaliwa katika sikio, kutokana na kuchangamana kwa sehemu mbili.

Kwa mwanafunzi wa programu hili ni zoezi bora. Huandika mizunguko miwili, kila mmoja na kungoja kulikolingana. Akiianzisha pamoja, mapigo huangukiana, na amadinda haipatikani. Yampasa kuufanya mzunguko wa pili ungoje nusu ya nafasi mara moja tu, kabla ya kuingia katika marudio yake. Akiiweka nusu hiyo ndani ya marudio, kila mzingo utarefuka na mizunguko miwili itaachana. Hivyo hujifunza tofauti ya jambo litendwalo mara moja na jambo litendwalo kila mara, ambayo ni moja ya tofauti za msingi katika uandishi wote wa programu.

Zoezi hilo lina faida nyingine. Sauti za amadinda si sauti za piano. Octava yake ina hatua tano zinazokaribia kulingana. Na mwaka 1950 Klaus Wachsmann alikuwa amekwisha kuandika habari za usawa kama huo katika kinubi cha Kiganda. Octava ya piano ina nusu hatua 12, na 12 ikigawanywa kwa 5 hupatikana 2.4. Sonic Pi hukubali namba zenye desimali. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kuandika 60, 62.4, 64.8, 67.2 na 69.6, akapata ngazi ambayo kinanda cha shule hakiwezi kuipiga. Ni vema ajue, hata hivyo, kwamba mafundi wa amadinda hutengeneza kwa sikio, na kwamba usawa wa namba hizo ni kadirio la karibu tu.

V. Michezo, na mfano wa bao

Katika michezo, wengi huanza na chombo kiitwacho PICO-8, kilichobuniwa na Joseph White. Chombo hicho kimewekewa mipaka kwa makusudi: skrini yake ina nukta 128 kwa 128, rangi zake ni 16, na maneno na alama za programu haziwezi kupita 8,192. Mipaka hiyo huwasaidia wanafunzi kama mizani na vina vimsaidiavyo mshairi: kazi hupata kikomo, na hivyo huweza kukamilika. Kila mchezo una sehemu mbili zirudiwazo mara 30 kwa sekunde. Moja hubadilisha hali ya mambo. Nyingine huchora hali hiyo.

Walimu wengi huwapa wanafunzi michezo ya kurusha mipira au kukimbiza maadui. Lakini hapana mchezo ufaao zaidi kwa mwanafunzi wa pwani kuliko bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake ni nzito. Alex de Voogt alichapisha huko Leiden mwaka 1995 utafiti mzima juu ya umahiri wa mabingwa wake. Lakini wazee wenyewe walikwisha kuwafikiria wanafunzi, wakaweka bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo. Ndilo la kuanzia katika kompyuta pia.

Mashimo huwa orodha ya namba, kila namba ikiwa hesabu ya kete zilizomo. Sheria ya kwanza kuandikwa ni kutembeza kete: chukua kete zote za shimo moja, tia moja moja katika mashimo yafuatayo, kisha tazama shimo ulilomalizia. Likiwa lilikuwa tupu, mchezaji amelala, na zamu ni ya mwenziwe. Likiwa lilikuwa na kete, mchezo waendelea. Mwanafunzi atambua upesi kwamba neno "shimo lifuatalo" ni gumu kuliko alivyodhani, kwa kuwa mwisho wa safu hugeuka na kurudi kwa safu nyingine, na mwelekeo waweza kuwa wa kulia au wa kushoto. Mambo ambayo mkono wa mchezaji huyatenda bila kufikiri, hapa hulazimika kusemwa. Na kwa kuwa katika bao yawezekana mwendo mmoja uzunguke bila kulala, programu lazima ihesabu hatua na iwe na kikomo, ama sivyo mashine itatembeza kete daima.

VI. Jukwaani

Februari 2004 watunzi kadhaa walikutana Hamburg, Ujerumani, wakaanzisha shirika liitwalo TOPLAP kwa ajili ya wale waandikao programu jukwaani. Sharti lao kuu lilikuwa kwamba skrini ya mtunzi ionyeshwe kwa watazamaji. Kabla ya hapo mtu aliweza kuketi nyuma ya kompyuta yake, na hapana aliyejua kama anatunga au anasoma barua zake. Mwaka 2012 lilifanyika London dansi la kwanza la namna iitwayo Algorave, jina lililobuniwa mwaka 2011 na Alex McLean na Nick Collins, ambapo watu hucheza kwa muziki uandikwao wakati huo huo.

Jambo hili si geni kabisa kwa Waswahili. Katika malumbano ya washairi, mshairi hujibu papo kwa papo, na wasikilizaji hawahukumu ubeti peke yake, bali pia wepesi wa kuutunga. Tofauti ni kwamba mshairi akikosea kina, ubeti umekwisha kutoka kinywani. Mwandishi wa programu ana nafasi ya kuandika kimya kimya mbele ya macho ya watu, na muziki wa zamani ukiendelea, mpaka atakapoamuru mapya yashike.

Hapo makosa hujigawa mara mbili, na mgawanyo huo utawafurahisha wanasarufi. Kosa la kwanza ni la sarufi: mtunzi amesahau alama au neno la kufungia. Mashine haielewi sentensi, hivyo huyakataa maandishi mapya yote, na wimbo wa zamani huendelea kama kwamba hapana kilichotokea. Kosa la pili ni la maana: sentensi ni sahihi kwa sarufi, lakini huamuru jambo lisilowezekana, kama kutumia kitu ambacho hakijapewa jina. Mashine huikubali, huanza kuitenda, ikafika pale pasipowezekana, na mzunguko ule hufa katikati ya dansi. Kosa la sarufi ni salama kuliko kosa la maana. Kwa hiyo hufundishwa kubadilisha jambo moja dogo kwa wakati mmoja, kusikiliza, kisha kubadilisha jingine. Hiyo ndiyo njia ya kujifunza ufundi huu wote, hata kwa mtu asiyekusudia kupanda jukwaani.

VII. Programu ihesabuyo mizani

Iwapo mwanafunzi ni mtu wa lugha, liko zoezi lililo karibu naye zaidi, nalo ni kuandika programu ihesabuyo mizani za shairi. Mwanzoni huonekana rahisi. Kila irabu ni mizani moja. Basi "ngoma" ni mbili na "karafuu" ni nne. Kisha huongezwa kanuni ya m iliyo silabi peke yake, na "mtoto" hupata tatu. Na ya n katika maneno machache kama "nchi" na "nne".

Shida huingia kwenye mb. Katika "mbegu" na "mbili" m haihesabiwi, lakini katika "mbuyu" huhesabiwa, kwa sababu hapo m ni kiambishi cha ngeli. Lichukuliwe neno "mbuni". Likiwa ni ndege, mizani ni mbili. Likiwa ni mti wa kahawa, ni tatu. Likiwa ni mtu abuniye mambo, ni tatu vile vile. Maandishi ni yale yale kwa yote matatu. Programu yaweza kusaidiwa na upatanisho: "mbuni umekauka" ni mti, kwa hiyo mizani tatu. Lakini "mbuni amechoka" aweza kuwa ndege ama mtu, na hapana kitu katika sentensi hiyo kiwezacho kuamua. Msikilizaji huamua kwa matamshi, na msomaji kwa maana ya shairi zima. Mashine isomayo herufi tu haina kimoja wala kingine.

Iko na shida ya maneno kama "daftari", ambayo f yake haifuatwi na irabu. Mwandishi wa programu hawezi kuliacha jambo hilo likae hivi hivi. Lazima aseme kama f hiyo huhesabiwa, na kama huhesabiwa daima au kwa tungo fulani. Hapa ndipo ilipo faida ya zoezi hili kwa utafiti. Kanuni ambazo washairi wamezishika kwa sikio hulazimika kuandikwa moja moja, na kila mahali zinapoyumba huonekana. Lakini hapa pia ndipo ilipo hatari. Programu ya namna hii ikipewa mhariri asiyejua udhaifu wake, atakata neno katika ubeti ulio kamili, akidhani mshairi alizidisha, ama ataacha ubeti wenye upungufu. Programu iliyo njema ni ile itoayo hesabu pamoja na orodha ya maneno yenye shaka, ikamwachia mtu uamuzi.

VIII. Istilahi

Baada ya kuyaeleza hayo, istilahi zaweza kutazamwa kwa misingi iliyo imara zaidi. Kwa maandishi ya programu, wengine husema "kodi". Neno hilo halifai, kwa kuwa kodi ni malipo ya serikali au ya nyumba, na sentensi kama "kuandika kodi" huleta kicheko. "Msimbo" ni bora. Kwa chombo chenyewe, "kompyuta" limeenea kila mahali, ingawa shule za Kenya hutumia pia "tarakilishi". Yote mawili yaeleweka.

"Mzunguko" lafaa kwa fungu la amri lirudiwalo, na "mzingo" kwa rudio moja. Wako wapendao "kibwagizo", lakini halilingani: kibwagizo hurudi mwisho wa kila ubeti baada ya maneno mengine, hali mzunguko hurudia vyote vilivyomo. "Kigeu" lafaa kwa jina lishikalo thamani ibadilikayo, nalo limekwisha kutumika katika hesabu. "Nasibu" ni neno la siku nyingi, lakini mwalimu aeleze kwamba nasibu ya mashine hupangwa.

Neno lenye mtego mkubwa ni tafsiri ya "sleep". Mfasiri wa haraka ataandika "lala", na atakuwa ametafsiri neno kwa neno bila kosa la kamusi. Lakini mwanafunzi ajuaye bao tayari anayo maana ya kulala: kulala ni kumalizika kwa zamu. Akiambiwa mzunguko "umelala kwa nusu pigo", atafikiri umekwisha, kumbe umetua tu kabla ya kuendelea. Katika programu ya bao yenyewe maneno hayo mawili yangekutana katika ukurasa mmoja, na moja lingeharibu jingine. Kwa hiyo "tua" au "ngoja" ni salama zaidi, na "lala" libaki kwa bao lilikokuwa tangu zamani.

Mifano hii yaonyesha kwamba kazi ya istilahi haiwezi kufanywa kwa kuketi na orodha ya maneno ya Kiingereza upande mmoja na kamusi upande wa pili. Yampasa mfasiri ajue kwanza amri hutenda nini, kisha ajue sanaa ya wenyeji inayokaribiana nayo imekwisha kuliita jambo hilo jina gani, na mwisho apime kama majina hayo mawili yaweza kukaa pamoja bila kugombana. Manju wa ngoma, mchezaji wa bao na mshairi wafaa kuulizwa kabla ya orodha kufungwa. Mwanafunzi apewaye maneno yaliyopimwa hivyo ataweza kusema kwa nini wimbo wake umekatika, na asemaye sababu ya kosa lake amekwisha kuwa karibu na kulisahihisha.